Mwanamke wa Kuandikwa Kwenye Shaba

Mkate ndio uliomuumbua Dizala. Ziais hakunusa harufu ya mwanamke mwingine kwenye joho lake, wala hakuletewa maneno na mbea. Aliuona mkate.

Alikuwa ameinama kwenye mawe ya kufulia, anasugua vyungu vya dengu kwa mchanga, maji ya mto Danubi bado yana baridi ya kung'ata mifupa kwa sababu barafu ilikuwa imeachia juzi tu. Binti mkubwa wa Tudania, Komozi, mtoto wa miaka tisa, alikuja na kapu la nguo akaketi jiwe la pili, akatoa kipande cha mkate kwapani na kuanza kula. Ziais akamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto yeyote. Halafu akautazama mkate. Halafu akaacha kusugua.

Ndani ya ngome ya Warumi askari wanalala wanane wanane, na kila chumba kina jiwe lake la kusagia na zamu yake kwenye tanuri. Ili mikate ikitoka watu wasishikane mashati, kila chumba hupiga mhuri wake juu ya unga kabla haujaingia motoni. Mhuri wa chumba cha Dizala ni suke na mistari mitatu. Ziais alikuwa ameula mkate wa suke na mistari mitatu kwa miaka kumi na moja. Angeweza kuutambua gizani kwa kidole.

"Mkate mzuri huo, mwanangu," akasema. "Amekupa nani?"

"Baba Dizala."

"Baba Dizala," Ziais akarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi anaoshuku umechacha.

"Analeta kila akitoka zamu. Ila mama anasema tusile njiani." Mtoto akajikumbuka, akaurudisha mkate kwapani.

Ziais akaviinua vyungu vyake, vingine bado vina masizi, akapanda ngazi za mto bila kuaga. Miezi miwili sasa Dizala alikuwa anamwambia kwamba chakula cha ngome kimepunguzwa, kwamba wanaopelekwa mnara wa juu ya mto wanapewa nusu. Alikuwa anakuja kwake mikono mitupu, na Ziais, kwa huruma zake za kijinga, alikuwa anampakulia mabakuli mawili na kumkatia jibini ambalo angewauzia wengine kwenye kibanda chake cha chakula. Kumbe alikuwa anamnenepesha mtu ili akawe na nguvu ya kwenda kulisha kwingine.

Na kwingine kwenyewe ndiko kulikomchoma. Tudania alikuwa mjane wa Mukapori, askari wa chumba hichohicho cha Dizala, aliyezama mtoni masika ya mwaka juzi. Siku ile ya kilio Ziais ndiye aliyemshika mabega, akamnywesha supu kwa kijiko, akamwambia asijali, sisi ni ndugu. Tangu hapo hakuwa amemtazama vizuri. Mjane ni mjane, unamsalimia unapita. Sasa, njiani, alikuwa anamkumbuka kiungo kwa kiungo, na kila alichokumbuka kilikuwa kizuri. Ile shingo ndefu. Ile sauti ya chinichini inayomlazimisha mwanaume asogee ndipo asikie. Mapaja yaliyozaa mara mbili na hayakuharibika. Ziais alibeba mimba mbili na zote zilitoka kabla ya wakati wake.

Nyumbani alimkuta mama yake, Bi Brilo, ameshakaa kwenye kitanda cha kufumia, na uso umemjaa habari. Bi Brilo alikuwa na habari kila siku, lakini leo alizishika kwanza, akaendelea kufuma mistari miwili mitatu, ili zipate thamani. Mwishowe akasema. Mke wa dobi wa ngome amesikia kwa karani mwenyewe. Wale watano waliotimiza miaka ishirini na mitano ya jeshi, Dizala akiwa mmojawao, wataandikisha wanawake wao kesho asubuhi mbele ya lango la magharibi. Na Dizala ameshamnong'oneza karani jina, na jina lenyewe si la Ziais.

Ziais akakaa chini.

Askari wa Kaisari haruhusiwi kuoa. Jambo hilo kila mtu analijua, na kila mtu nje ya lango la magharibi ana jirani ambaye ni mke wa askari. Wanawake wale huishi miaka na mikaka na wanaume wao, wanapika, wanazaa, wanazika, na mbele ya sheria ni watu wanaopita njia tu. Mpaka askari amalize miaka yake. Hapo ndipo Rumi humletea vibao viwili vya shaba vyenye jina lake, na shaba ikisoma kwamba fulani ni mke wake, ni mke wake hadi kaburini, na watoto ni raia wa Rumi kama wana wa mabwana. Mwanaume mmoja, mwanamke mmoja. Shaba haina nafasi ya wa pili. Kwa miaka kumi na moja Ziais hakuwahi kumuuliza Dizala jina gani litakaa pale. Nani anauliza kama jua litatoka?

"Nilikuambia," Bi Brilo akaanza, na Ziais aliujua utenzi wenyewe tangu ubeti wa kwanza. Kwamba alimwambia achukuliwe na Skori, mfinyanzi, mtu wa nyumba yake, asiyelala kwenye kambi. Kwamba askari ni mgeni hata akizeeka mlangoni kwako. Kwamba marehemu baba yake, Bithi, alikufa akiwa na kinyongo kwa ajili ya jambo hilo. Kwa kawaida Ziais alijibu. Leo aliinuka tu akatafuta viatu vyake, na hilo likamtia hofu mama yake, akaacha kufuma.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mke mwenzangu," Ziais akasema.

Tudania alikuwa uani anachambua sufu. Alipomwona Ziais mlangoni alisogeza kapu ili apate pa kukaa, akamkaribisha, akamwita shoga. Ziais akamwambia hakuja kukaa.

"Eti mkate wa ngome ni mtamu?"

Tudania hakujifanya hajui. Hilo nalo lilimuudhi Ziais, maana alikuja amejiandaa kwa uongo. "Mkavu," Tudania akajibu. "Lakini watoto hawana habari."

"Watoto wana habari ya kumwita mume wangu baba."

"Mume wako." Tudania alichomoa mbigili kwenye sufu, akaitupa. "Mimi na wewe, Ziais, hatujawahi kuwa na mume. Miaka kumi nilimfulia Mukapori. Alipokufa, ngome iliandika kwamba hakuacha mtu. Niliambiwa na aliyesoma. Hakuacha mtu. Na mimi nimesimama pale na mmoja mkononi na mwingine mgongoni."

"Kwa hiyo umeona uchukue wangu."

"Sikuomba mume. Niliomba jina, kwa ajili ya hawa. Wakikua bila jina, mtoto wa mchuuzi yeyote anaweza kuwachezea na hakuna baraza litakalowasikiliza."

"Unalala naye?"

Tudania aliinua uso. Macho yake yalikuwa ya kijivu, na Ziais, hata katika hasira ile, alifikiri: kweli ni mzuri, mungu amlaani.

"Hapana," Tudania akasema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha neno nusu, akaongeza kwa ile sauti yake ya chini: "Hajaomba. Lakini usiniulize nikisikia viatu vyake vya misumari mlangoni moyo wangu unafanya nini. Nitakuambia kweli, na utaumia."

Ziais alikuja na matusi mazuri aliyoyapanga njia nzima. Yote yalimkaukia mdomoni. Angemkuta kitandani na Dizala, angemvuta nywele, wangepigana, majirani wangewaamua, mambo yangekwisha. Sasa atapigana na nini? Aligeuka akaondoka, na nyuma yake akasikia Tudania akiendelea kuchambua sufu.

Dizala alifika walipobadilishana zamu, jua la utosi, kibanda cha chakula kikiwa kimejaa moshi wa kuni mbichi. Watu walikuwa wameshakula na kuondoka. Alibaki Mzee Sola peke yake, askari mstaafu, ambaye kila siku hukaa kwenye benchi la pembeni na bakuli moja la divai iliyochanganywa maji mpaka imesahau kwamba ni divai. Dizala akavua kofia ya chuma, akapangusa jasho. Alikuwa mtu mpana, mwenye mvi za kwanza masikioni, na mpaka leo Ziais hakuweza kumwona akivua ile kofia bila kuacha alichokuwa anakifanya. Alimchukia kwa hilo pia.

Akamwekea bakuli la dengu. Dizala akatazama huku na huku.

"Mkate uko wapi?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe."

Mzee Sola akageukia ukuta kwa heshima, ila sikio akaliacha upande wao.

Dizala hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Aliulazimisha mdomo wake udanganye miezi miwili kwa shida, na sasa aliuachia. Akaeleza yote, mikono juu ya meza. Walikuwa wawili, yeye na Mukapori, juu ya barafu, wamefungwa kamba moja, barafu ikafunguka chini yao. Waliokuwa ukingoni hawakuweza kuwavuta wote. Mukapori akamtazama, akachomoa kisu, akakata kamba upande wake mwenyewe. Alibakiza miezi minane tu amalize jeshi. Kabla hajapotea alitaja majina ya binti zake, basi, hakusema lingine, na Dizala akaapa kwa Mpanda Farasi, mungu wa kwao, akiwa bado na maji kifuani.

"Uliapa utamwoa mke wake?"

"Niliapa binti zake watakuwa watu."

"Na mimi?"

"Wewe unanipata mimi." Alisema kama mtu anayetoa kitu kikubwa, na kwa kweli ndicho alichokuwa nacho. "Nitalala hapa, nitazeeka hapa, nitafia hapa. Kwake sitaweka hata joho. Jina ni maandishi tu, Ziais."

"Basi mpe yeye mwili. Mimi nipe hayo maandishi."

Mzee Sola akapaliwa na divai.

"Usifanye mzaha."

"Nani anafanya mzaha? Miaka kumi na moja nimeitwa mwanamke wa Dizala. Mwanamke wa Dizala, lete dengu. Mwanamke wa Dizala, mtu wako kaumia. Nilikuwa nasubiri siku moja niache kuitwa mwanamke wa mtu niitwe mke. Sasa atakayeitwa mke ni yule, na mimi nikipita sokoni nitakuwa kimada wa mume wa Tudania. Na wewe unaniambia ni maandishi."

Dizala akainamisha kichwa. Akatafuta neno, na kwa bahati yake mbaya akalipata. "Sisi hatuna mtoto," akasema taratibu. "Ingekuwa tunaye, nisingefikiria. Lakini shaba yetu ingekuwa na jina lako tu, na wale wawili..."

Ziais alilichukua bakuli lililokuwa mbele yake, akazirudisha dengu chunguni, zote, akalikwangua bakuli kwa kijiko.

"Toka."

"Ziais."

"Nenda kale kwa watoto wako."

Akatoka. Misumari ya viatu vyake ikagonga mawe ya njia mpaka lango la magharibi, na Ziais aliihesabu mpaka haikusikika. Hapo tu ndipo alipolia, akiegemea tanuri, machozi ya hasira zaidi kuliko ya huzuni. Alichokiona machoni si Dizala. Alimwona Tudania, mzee, ameketi kwenye kiti, vibao viwili vya shaba vimetundikwa juu ya kichwa chake, na watu wanaingia kumsalimia mke wa mtu.

Mzee Sola akakohoa kidogo. Akamwambia asilie karibu na moto, machozi yanapasua udongo. Halafu, kwa kuwa hakujua jambo lingine la kumfariji mwanamke, akafanya alilowafanyia watu wote kila siku: akatoa shaba yake kwenye mfuko wa ngozi aliouvaa shingoni ili amsomee. Ziais alikuwa ameisikia mara mia. Jina la Sola, jina la kikosi, miaka ishirini na mitano. Jina la mkewe, Eptala, mungu amrehemu. Kisha watoto, na kila mtoto Sola alimgonga kwa ukucha: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano.

Ziais akafuta pua. "Wewe si una wanne, mzee?"

"Wanne nilizaa. Huyu wa tano ni wa ndugu yangu. Baba yake alikufa, nikamwingiza."

"Na karani?"

"Karani akauliza mama yao ni nani, Eptala akasema ni mimi. Majirani watatu wakaapa. Basi." Mzee akairudisha shaba kifuani kwa uangalifu. "Karani si mkunga, mwanangu."

Ziais akairudia hesabu ile kichwani. Mwanamke mmoja, shaba ilisema. Watoto haikuwahi kuwahesabu. Na Dizala, mtu wa amri, aliyezoea kwamba chungu lazima kiende na mfuniko wake, hakuwahi kufikiri kwamba watoto wanaweza kwenda bila mama yao, kwa sababu mji mzima unajua mama yao ni nani.

Angeweza kumkimbilia amwambie. Angeweza kwenda kwa Tudania, wakae uani, wapange kama watu wazima. Njia zote mbili alizifikiria, na zote mbili alizikataa. Alitaka iwe mbele ya lango. Alitaka aione ile shingo ndefu ikiinama. Alioga, akajipaka mafuta, akalala mapema na usingizi ukamjia kama mtoto.

Asubuhi kulikuwa na jua na upepo mkali wa kutoka mtoni. Meza ya karani iliwekwa mbele ya lango la magharibi, na watu wote wa makazi ya nje walikuwa pale, mpaka wagonjwa. Askari wanne wakapita na wanawake wao. Kila mwanamke alisimama mkono wa kulia wa mtu wake na kulitaja jina lake na la baba yake kwa mdomo wake mwenyewe, maana ndivyo ilivyokuwa desturi ya kikosi hicho, ili baadaye asije mtu akadai aliandikwa bila kujua. Mmoja alilia mpaka ikabidi alitaje mara tatu.

Dizala akaitwa wa mwisho. Alisogea akiwa amenyolewa ndevu, uso umekaa kama wa mtu anayekwenda kuchapwa. Tudania akaja kusimama kando yake, joho la kijivu, Komozi mbele, Brisa mdogo ameshika pindo. Umati ukaguna. Macho yakaanza kumtafuta Ziais, na Ziais hakuyasumbua. Alitoka kati ya watu, akavuka uwanja, akaenda kusimama mkono wa kulia wa Dizala, palepale ambapo Tudania alikuwa amesimama, hivi kwamba Tudania alilazimika kurudi nyuma hatua moja.

Akida mwenye zamu, mtu mnene asiyependa kuchelewa chakula chake, aliwatazama wote. "Dizala, shaba si blanketi. Haifuniki watu watatu."

Watu wakacheka. Karani hakucheka. Aliuliza mwanamke ni yupi. Dizala akafungua mdomo, na Ziais akamtangulia.

"Ziais, binti Bithi."

Karani akamtazama Dizala, maana jina alilonong'onezewa halikuwa hilo. Dizala alikuwa amemgeukia Ziais. "Watoto?" karani akauliza kwa desturi tu, kalamu yake ya chuma imeshaanza kuandika kwenye ubao wa nta.

"Wawili. Komozi na Brisa."

Kicheko kikafa.

"Mama yao?"

"Mimi," Ziais akasema.

Kalamu ikasimama. Karani hakuwa mjinga, na alikuwa ameishi pale miaka sita, lakini nta ina utaratibu wake. Alimwangalia mwanamke wa joho la kijivu. "Na wewe hapo umesimama kama nani?"

Hiki ndicho Ziais alichokuja kukiona. Aligeuka ili akione vizuri. Neno moja tu kutoka kwa Tudania, ni wangu, na Ziais angekuwa mwongo mbele ya Kaisari, na wale watoto wangerudi kuwa si kitu. Tudania hakumtazama yeye. Aliwatazama binti zake, kichwa cha mkubwa, kisha cha mdogo. Akainama, akakitoa kidole kimoja cha Brisa kwenye pindo la joho lake, kisha cha pili, kisha vyote.

"Jirani," akasema. "Nawashika tu wasipotee."

Shingo iliinama kweli. Na Ziais, aliyeingoja furaha hiyo tangu jana, aliisubiri ije na haikuja. Kwa sababu wakati huohuo alimwona Dizala. Dizala alikuwa anamtazama Tudania kwa jicho ambalo Ziais hakuwahi kulipata kwa miaka kumi na moja, si siku alipomuuguza homa, si siku alipozika vile vijusi viwili nyuma ya nyumba. Wivu aliodhani amekuja kuuzika ukaamka mzima, umeshiba.

Mzee Sola akaapa wa kwanza kati ya majirani watatu, kwa sauti ya gwaride. Mhunzi akafuata. Skori mfinyanzi aliitwa wa tatu, akasimama muda mrefu akimwangalia Ziais kama mtu anayeangalia nyumba aliyokosa kuinunua, kisha akaapa naye, na Bi Brilo akafunika uso kwa ushungi.

Karani alikuwa ameanza kuandika jina la pili Brisa alipochoka. Alikuwa na miaka mitatu, hakuelewa kwa nini mkono wake ni mtupu. Akainyoosha mikono yote miwili, akapita mbele ya Ziais kana kwamba ni mti, akaanza kulia anamwita mama, mama, upande wa lile joho la kijivu.

Karani akainua uso.

Ziais alimnyakua mtoto kabla hajafikiri. Akamkandamiza begani, uso wake ndani ya shingo yake ili kilio kisijulikane kinakwenda wapi. "Nipo," akasema. "Mama yupo. Nyamaza, mama yupo." Mtoto alimpiga mateke ya tumbo, palepale tumboni, na Ziais akayapokea. Hatua moja nyuma yake Tudania alisimama mikono ameifunga mgongoni, kucha zimezama kwenye nyama yake mwenyewe, na hakusogea.

Karani aliwatazama wanawake wale wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha akainama akamaliza neno, akaufunga ubao wa nta kwa kamba. Shaba itarudi kutoka Rumi baada ya mavuno, akasema. Mwingine.

Hapakuwa na mwingine, kwa hiyo watu wakatawanyika.

Waliteremka njia ya nyuma ya matanuri, Dizala mbele na Komozi, wanawake nyuma. Ukuta wa ngome ulipowaficha na lango, Ziais akamtoa mtoto begani akampa mwenyewe. Brisa alinyamaza papo hapo. Bega la Ziais lilikuwa limelowa machozi na kamasi, na liliingiwa na baridi ghafla.

"Ungeniambia jana," Tudania akasema.

"Ungekataa?"

"Nisingekataa." Alimfuta mtoto pua kwa kona ya joho. "Ningelia jana."

Ziais akalipangusa bega lake kwa kiganja, akaendelea kuteremka.

Dizala alikuwa amewasubiri. Macho yake yalikuwa mekundu. Alianza kusema neno la shukrani, refu, la kuanzia mbali, na Ziais akamkata. Akamwambia asimshukuru, hakulifanya kwa ajili yake. Na asikilize, kwa sababu atasema mara moja. Kuanzia leo nyumbani kwa Tudania haendi. Awe na sababu au asiwe nayo. Wao ndio watakaokuja kibandani kwake Ziais, watoto na mama yao, watakula kwenye benchi lake, mchana na jioni.

"Kila siku?" Dizala akauliza.

"Kila siku. Nataka niwe nawaona nyote kwa pamoja."

Tudania karibu acheke. Badala yake aliyainua yale macho ya kijivu akamtazama Dizala, mara moja tu, haraka, akayashusha kwa mtoto. Ziais aliona. Akaushika mkono wa mume wake, mume wa kuandikwa, akaufinya mpaka Dizala akamwambia anamuumiza, na hakuuachia mpaka walipofika mlangoni.